Gundi ya Kuvu: Kinachotokea Juu ya Jani Kabla Ugonjwa Haujaonekana

Mada kwa maafisa ugani na wakulima wa mpunga na korosho, Kibiti



Wilaya yetu ina kilimo cha namna mbili. Huku juu, Bungu, Jaribu Mpakani na Mjawa, mtu anaitegemea korosho. Kule chini, Salale, Mbuchi, Maparoni na Msala, anautegemea mpunga unaolimwa kando ya mikoko, mahali ambapo maji baridi ya Rufiji yanasukumana na maji chumvi. Udongo wake haufanani wala misimu yake. Hata hivyo, ubwiriunga unaounguza maua ya mkorosho na blasti inayovunja shingo ya suke la mpunga ni magonjwa ya ukoo mmoja, yaani magonjwa ya kuvu. Leo nitazungumzia saa zake za mwanzo tu, pale kuvu inapotua na kujishikiza, kwa sababu naamini hapo ndipo dawa yetu nyingi inapopotea.

Tuanze na mpunga. Ingia shambani alfajiri, inama, tazama jani. Umande umekaa juu yake kwa matone ya mviringo, na ukilitikisa kidogo yanabingirika na kuanguka. Jani lina nta, na juu ya nta kuna vinundu vidogo mno visivyoonekana kwa macho, kwa hiyo maji hayalilowanishi. Tone linapobingirika huondoka na vumbi lote lililo njiani mwake. Sasa spora ya blasti, ambayo ndiyo mbegu ya kuvu iitwayo Magnaporthe oryzae, imeletwa na upepo wa usiku ikatua juu ya jani hilohilo. Kwa nini nayo haiondoki na tone la kwanza?

Jibu liko kwenye ncha yake. Spora hii ina seli tatu na umbo lililochongoka upande mmoja, na kwenye ncha hiyo imehifadhi gundi. Hewa ikiwa na unyevu wa kutosha, ncha inapasuka na gundi inatoka, na spora inanata papo hapo. Haihitaji kwanza kuota, wala haihitaji kula chochote. Mwaka 1988 mtafiti John Hamer na wenzake walionyesha kwamba gundi hiyo inashika hata kwenye Teflon, ile inayopakwa kwenye vikaango ili chakula kisigande. Ni mchanganyiko wa protini na sukari. Walipoweka konkanavalini A, protini inayotokana na mbegu za mmea wa jamii ya maharage na inayopenda kukamata sukari za namna hiyo, spora zilishindwa kushika vizuri. Kwa maoni yangu, jaribio hilo ni muhimu kuliko dawa nyingi zilizokuja baadaye, kwa sababu lilionyesha kwamba mlango wa ugonjwa ni kunata, na kwamba mlango huo unaweza kufungwa.

Baada ya kunata, spora inachipua kamrija kembamba kanachotambaa juu ya nta, na hapo protini nyingine zinaingia kazini. Zinaitwa haidrofobini. Zilielezwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 katika maabara ya Joseph Wessels huko Groningen, Uholanzi, zikitokana na Schizophyllum commune, uyoga mdogo wa kijivu, wa umbo la kipepeo cha mkono, unaoota kwenye magogo makavu duniani kote, hata huku kwetu. Haidrofobini ni protini fupi, yenye amino asidi mia moja hivi, na kati ya hizo nane ni za aina iitwayo sisteini, zilizofungana mbili mbili kuishikilia isikunjuke. Upande wake mmoja unapenda maji na wa pili unayakimbia. Kuvu inazimwaga haidrofobini nje ya mwili wake, na zikifika mahali maji yanapokutana na nta au hewa, zinajipanga zenyewe kuwa utando. Uso uliokuwa unakataa maji sasa unayakubali, na kamrija kanapata pa kushika. Mwaka 1993 Nicholas Talbot, Daniel Ebbole na huyohuyo Hamer walieleza jeni ya kuvu ya blasti inayotengeneza protini ya aina hii, MPG1. Walipoiharibu, kuvu ilibaki hai, lakini uwezo wake wa kuushambulia mpunga ulishuka sana.

Hatua ya mwisho ndiyo inayonifanya nisisitize jambo la kunata. Ncha ya kamrija inavimba na kuwa kibonge cheusi chenye kuta ngumu, kisha kibonge hicho kinajaza msukumo unaofika megapaskali 8, karibu mara 40 ya upepo ulio ndani ya tairi la gari dogo. Kwa msukumo huo kinatoboa jani. Lakini msukumo wa namna hiyo bila kushika vizuri ungekiinua kibonge chenyewe badala ya kulitoboa jani. Gundi ndiyo inayoifanya nguvu hiyo iwe na maana.

Muda wa haya yote ni mfupi. Kunata ni dakika, kuchipua ni saa mbili hivi, kibonge kinaanza kuonekana kabla jua la asubuhi halijakausha umande, na siku ya pili kuvu imeshaingia ndani. Doa lile lenye ncha mbili na kijivu katikati hutokea siku kadhaa baadaye. Mkulima anayelala kwenye dungu lake akilinda ndege, akashuka asubuhi na kuliona doa, anaangalia kazi iliyokwisha. Akinyunyizia maji kulisafisha jani anaongeza unyevu tu. Akiongeza mbolea ya chumvichumvi ili mpunga upate nguvu, anaukaribisha ugonjwa zaidi, maana naitrojeni ikizidi blasti hushamiri.

Kwenye korosho picha ni tofauti kidogo. Ubwiriunga uliripotiwa nchini mwaka 1979, wakati uzalishaji uliokuwa umefika tani 145,000 msimu wa 1973/74 ulikuwa tayari unaporomoka kwa sababu za bei na za kuhamishwa watu kwenda vijiji vya ujamaa. Ugonjwa huu ukauporomosha zaidi. Spora zake hazihitaji tone la maji. Zinatosheka na hewa nyevu na ubaridi wa kipupwe, na zinachagua maua na majani machanga ambayo ngozi yake haijakomaa. Kwa ndugu zake wa shayiri, waliochunguzwa kwa miaka mingi, spora ikigusa jani tu humwaga majimaji yenye vimeng'enya vinavyolainisha nta, na hufanya hivyo ndani ya dakika chache, kabla hata ya kuchipua. Salfa tunayopuliza haiponyi ua lililoshambuliwa. Inazuia spora isichipue, na kwa hiyo lazima iwepo juu ya ua kabla spora haijafika. Ua likishakuwa jeupe kwa unga wa ugonjwa, salfa inayopulizwa pale inalinda maua mengine tu, si lile.

Nisingependa mtoke hapa mkidhani kila kuvu inayonata ni adui. Mto wetu wa Rufiji unapokea maji ya Kilombero, na huko kwenye bonde la Kilombero, katika kijiji cha Lupiro, Ernst-Jan Scholte na wenzake walitundika ndani ya nyumba vitambaa vyeusi vya pamba vilivyopakwa spora za kuvu Metarhizium anisopliae. Mbu wa malaria waliotua hapo walinatwa na spora, wakaugua, wakafa mapema. Matokeo yalichapishwa mwaka 2005, na hesabu zao zilionyesha kwamba mtu angeweza kupunguziwa kuumwa na mbu wenye malaria kutoka mara 262 kwa mwaka hadi 64. Miaka miwili baadaye Chengshu Wang na Raymond St. Leger walieleza kwamba kuvu hii ina protini mbili tofauti za kujishikiza: MAD1 kwa ngozi ya mdudu, na MAD2 kwa mmea. Wakiondoa MAD1, kuvu inapoteza makali yake kwa wadudu, na uwezo wake wa kushika mmea unabaki. Kuvu nyingine ya jamii yake ilitumika mwaka 2009 dhidi ya nzige wekundu huko Ikuu-Katavi, bonde la Ziwa Rukwa na Malagarasi. Kikwazo chake kikubwa ni kwamba spora hazidumu kwenye joto, jambo ambalo kwa pwani yetu si dogo.

Sasa mashambani. Kwenye mpunga, panda mbegu safi, gawa mbolea ya naitrojeni kidogo kidogo, na rudisha majivu ya pumba shambani, kwa kuwa yana silika inayoimarisha ngozi ya jani. Dawa ya blasti, kama itatumika, itangulie suke, isilifuate. Kwenye korosho, pogoa ili hewa ipite, ondoa machipukizi ya chini ya mti yanayotunza ugonjwa kutoka msimu mmoja hadi mwingine, na puliza alfajiri upepo ukiwa umetulia.

Kwa maafisa ugani nina ombi moja. Kabla ya kipupwe, pitieni mashamba ya kata zenu, andikeni tarehe maua ya kwanza yanapochomoza katika kila kijiji, na mzipeleke tarehe hizo kwa wanaopanga usambazaji wa pembejeo. Salfa inayofika kijijini wiki tatu baada ya maua kuchomoza imefika wakati kuvu imeshanata.