Kufuta, Kutengua, Kubatilisha: Ni Kipi Hasa Kilichokoma?



Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilipitisha marekebisho yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Tangu hapo tafsiri ya sheria haiwezi tena kuhesabiwa kuwa hisani kwa asiyejua Kiingereza. Neno la Kiswahili lenyewe ndilo litakalomfunga mtu au kumfungua. Jioni hii naomba tutazame vitenzi vichache ambavyo hakuna mtunga sheria awezaye kuvikwepa, vile vinavyotangaza kwamba jambo fulani limekwisha.

Tunavitumia kama mapacha, na sivyo. Mtoto aliyepitia chuo cha Kurani anaijua tofauti yake mapema. Udhu ukitenguka baada ya sala, sala iliyokwisha kusaliwa inabaki palepale. Lakini akigundua kwamba alisali bila udhu, sala ile ni batili, na itambidi airudie. Kutengua hukata kuanzia sasa kwenda mbele. Kubatilisha hurudi nyuma hadi kwenye chanzo. Ndiyo maana Ikulu ikitangaza kwamba uteuzi wa mkurugenzi fulani umetenguliwa, vibali alivyovitia saini wiki iliyopita havifi pamoja na cheo chake. Wanasheria wetu wanapoieleza Sheria ya Ndoa ya 1971 kwa Kiswahili wanakwenda mbali zaidi: wanatofautisha ndoa batili, ambayo haikuwahi kuwa ndoa, na ndoa batilifu, ambayo ni ndoa kamili mpaka mahakama itamke vinginevyo. Silabi moja tu imeongezwa, na juu ya silabi hiyo inasimama hadhi ya mwanamke aliyeishi katika nyumba ile miaka yote hiyo.

Kinachonisumbua zaidi ni kufuta. Ni kuondoa alama isionekane tena, na kitenzi hiki hakimlazimishi msemaji kuonyesha kasoro ilianzia wapi. Oktoba 28, 2015 Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar alitangaza kuufuta uchaguzi uliofanyika siku tatu kabla. Kura za Muungano zilizopigwa visiwani siku hiyohiyo zilibaki. Linganisheni na Septemba 1, 2017, Mahakama ya Juu ya Kenya ilipoubatilisha uchaguzi wa rais. Majaji wanne dhidi ya wawili, pande zote zimesikilizwa, na hata wale wawili waliopinga wakaandika sababu zao. Matokeo yanakaribiana, maana nchi zote mbili zilirudi kupiga kura, lakini anayebatilisha amejitwika mzigo wa kuthibitisha.

Naona hatari ya maneno haya inajionyesha wazi kabisa katika historia ya utumwa. Vitabu vyetu vya shule husema utumwa Zanzibar ulikomeshwa, mara 1873, mara 1897, kana kwamba ni tukio moja lenye tarehe mbili. Juni 5, 1873 Sultani Barghash, akibanwa na balozi wa Uingereza John Kirk na tishio la manowari kuizingira bandari, alitia saini mkataba uliopiga marufuku kusafirisha watumwa baharini na kuyafunga masoko yao. Soko la Mkunazini likafungwa. Kanisa la Kianglikana likajengwa mahali pale. Kilichokoma kilikuwa biashara. Aliyekuwa mtumwa shambani kwenye mikarafuu Juni 4, aliamka mtumwa Juni 6.

Amri ya Sultani Hamoud bin Mohammed ya Aprili 6, 1897 nayo haikusema watumwa wote ni huru. Iliondoa hadhi ya kisheria ya utumwa, yaani mahakama isingemtambua tena mtu kuwa mali ya mwenziwe. Aliyetaka uhuru alipaswa kwenda mwenyewe mahakamani akaudai. Akiupata, alitakiwa aonyeshe kwamba ana makazi na njia ya kujikimu, la sivyo atangazwe mzururaji. Bwana wake alistahili fidia. Yeye, aliyelima na kuchuma karafuu bila ujira, hakuandikiwa hata pesa moja. Masuria waliachwa nje, wakahesabiwa kama wake wa nyumba, hadi amri ya 1909. Pwani ya Kenya ilisubiri mpaka 1907, na Tanganyika mpaka 1922, Wajerumani wakiwa wamekwisha kuondoka bila kuumaliza. Mwanamke aliyekuwa suria Unguja mwaka 1900, tumwambie utumwa ulikomeshwa lini? Mwalimu anayeandika "ulikomeshwa 1897" ubaoni anamfuta mwanamke huyo.

Baada ya uhuru nasi tumekuwa wepesi wa vitenzi hivi. Mwaka 1972 serikali za mitaa zilifutwa, mfumo wa Madaraka Mikoani ukashika nafasi yake. Mei 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, pamoja na KNCU ya wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, na kazi yao ikapewa mamlaka za mazao. Vyama hivyo vilikuwa na maghala, malori, makarani waliojua kupima na kulipa, na hisa za wanachama. Tangazo la siku moja halikuweza kueleza kila kimoja kati ya hivyo kinakwenda wapi. Sheria za 1982 zilivirudisha vyote viwili, halmashauri na ushirika. Mwalimu Nyerere mwenyewe, katika miaka yake ya mwisho ya urais, alitaja kufutwa kwa serikali za mitaa na kuvunjwa kwa ushirika kuwa mambo ambayo asingeyafanya kama angeanza upya.

Ombi langu kwa wanaoandika sheria kwa Kiswahili ni la kazi. Kila kifungu cha kufuta kitaje kinachofutwa, kinakoma tangu lini, na haki zipi zinaendelea. Najua Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, inazilinda haki zilizopatikana kabla ya sheria kufutwa, pamoja na adhabu na madeni yaliyokwisha kuingia. Lakini mkulima wa pamba kule Shinyanga hatakwenda kuitafuta Sura ya 1. Atasoma kifungu kilicho mbele yake, kwa lugha yake, na ataamini kinachosema.