AHADI ZA MWAKA MPYA KATIKA MAISHA YA MKRISTO



Usiku wa tarehe 31 Desemba makanisa mengi, ya mjini na ya mashambani, hujaa watu wanaokesha. Saa sita ya usiku ikifika watu huimba na kusalimiana, na wengi huahidi mioyoni mwao kwamba mwaka unaoingia wataomba zaidi, watasoma Biblia zaidi, wataacha ulevi na masengenyo. Ahadi hizo si za uongo. Mwenye kuahidi husema kweli saa ile. Lakini ikifika Pasaka, akiulizwa aliahidi nini hasa, mara nyingi hana la kujibu. Neno "zaidi" halina kipimo, na jambo lisilo na kipimo haliwezi kujulikana kama limetimizwa au limevunjwa.

Mkulima hodari hasemi kwamba mwaka huu atalima zaidi. Husema atalima kutoka mti ule mpaka mfereji ule, na kwamba mbegu zitakuwa ardhini kabla ya mvua. Mambo ya roho ni makubwa kuliko shamba, na ukuaji wenyewe ni kazi ya Mungu. Lakini siku, saa na miguu ya kwendea kanisani ni vya mtu mwenyewe, na katika hivyo aweza kuweka mpaka unaoonekana.

Katika historia ya Kanisa yuko mtu mmoja ambaye maazimio yake yamesomwa sana, naye ni Jonathan Edwards wa Marekani. Mwaka 1722, alipokuwa kijana wa miaka 19 akihubiri katika kanisa dogo mjini New York, alianza kuandika orodha ya mambo aliyokusudia kuyashika maisha yake yote. Hata kufika Agosti mwaka 1723 yalikuwa yametimia 70. Aliazimia asipoteze wakati, asimseme mtu kwa ubaya, awe na kiasi katika kula na kunywa. Juu ya orodha alikiri kwamba pasipo msaada wa Mungu hawezi neno lo lote, kisha akajiagiza aisome yote mara moja kila juma. Hapo ndipo penye hekima kubwa. Wengi huandika maazimio, bali ni wachache wanaoyasoma tena. Naye hakuwa malaika: katika kitabu chake cha kila siku, mapema mwezi wa Januari mwaka 1723, aliandika kwamba moyo wake umekuwa mzito, na kwamba maazimio bila Roho wa Mungu ni bure.

Hata hivyo hadithi hii ina upande wa pili, ambao wanaomsifu Edwards hupenda kuupita kimya. Mwaka 1731, alipokuwa mchungaji wa Northampton, alikwenda bandari ya Newport akatoa pauni 80, akanunua msichana Mwafrika wa miaka 14, aliyepewa jina la Venus. Hati ya ununuzi huo ingaliko. Mtu aliyejipima nafsi yake usiku kwa usiku, hata chakula na usemi wake, alimnunua mtoto wa mwenziwe kama mtu anunuavyo ng'ombe. Haifai kusema kwamba maazimio yake yalikuwa unafiki. Lakini ni dhahiri kwamba mtu ajipimaye peke yake, kwa kipimo alichokikata mwenyewe, hupima yale tu anayoyaona. Na kisogo chake hakioni.

Kwa hiyo lengo la kiroho linahitaji macho ya mtu mwingine. Wamethodisti walilijua jambo hili kwa njia ya ajabu kidogo. Mwaka 1742, mjini Bristol huko Uingereza, wafuasi wa John Wesley walikuwa na deni la nyumba yao ya kukutania. Nahodha mmoja alitoa shauri kwamba kila mtu atoe peni moja kwa juma, na watu wagawanywe kumi na wawili kumi na wawili, kila kundi na mkusanyaji wake. Wakusanyaji walipopita nyumba kwa nyumba waliona mambo yasiyoonekana kanisani: huyu amegombana na mkewe, yule amerudia pombe. Mpango uliowekwa kwa ajili ya fedha ukawa ulinzi wa roho, na makundi yale yakaendelea kukutana kila juma. Mwaka 1755 Wesley akaanzisha huko London ibada ya agano, ambayo watu huifanya pamoja ili kujitoa upya kwa Mungu. Baadaye ikawa desturi ya Jumapili ya kwanza ya mwaka, nayo imefika hata kwetu Kenya, ambako Wamethodisti walianza kazi yao Ribe karibu na Mombasa mwaka 1862.

Wazee wa Afrika Mashariki wanakumbuka pia uamsho uliotoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930. Watu wa uamsho ule walikutana, wakaungama mbele ya wenzao, na wengine wakarudisha mali waliyoiba. Zilikuwako fujo pia, maana si kila jambo lafaa kusemwa mbele za watu, na siri ya mtu aweza kuigeuza jirani kuwa maneno ya kisimani. Yafaa basi kuchagua mtu mmoja au wawili wenye vifua, wasiotoa nje walilosikia: mume kwa mke, karani kwa mwenziwe wa ofisini, mama kwa dada yake katika umoja wa akina mama. Na swali lao liwe moja tu kila juma: lile uliloahidi umelifanya?

Juu ya kusoma Biblia, hesabu yake ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani. Biblia nzima ina sura 1,189, nayo inataka sura tatu na kitu kila siku. Huo ni mzigo mzuri kwa aliyezoea. Robert Murray M'Cheyne, mchungaji wa Dundee huko Scotland, alitengeneza kalenda ya namna hiyo mwishoni mwa mwaka 1842, na yeye mwenyewe akaonya kwamba wengine wataisoma kwa desturi tu, na wengine watajiona wenye haki kwa kuimaliza. Alifariki Machi mwaka 1843, ana umri wa miaka 29, kabla robo ya mwaka wa kwanza wa kalenda yake haijatimia.

Kwa anayeanza, Agano Jipya latosha. Lina sura 260, na mwaka una majuma 52. Maana yake ni sura tano kila juma, moja kwa siku tangu Jumatatu hata Ijumaa. Asiyejua kusoma aweza kusomewa na mtoto wake jioni, na mtoto naye akapata faida. Aliyeanza Mathayo Jumatatu ya kwanza ya Januari ataingia Marko siku ya Alhamisi ya juma la sita, na baada ya majuma 26 atakuwa amefika Warumi 13. Jumamosi na Jumapili zimeachwa wazi kwa makusudi, kwa maana mtoto huugua, zamu ya usiku huja, mavuno hayangoji. Na aliyeachwa nyuma mwezi mzima asirudi Mathayo 1, wala asingoje mkesha mwingine. Na afungue sura ya siku ile ile aliyo nayo, asome pamoja na wenzake; zile zilizompita atazisoma Jumamosi.