Kutoka Kilosa hadi Rufiji: ndege za upelelezi vitani

Kilosa, kituo cha Reli ya Kati, ilipotekwa na majeshi ya Uingereza kutoka kwa Wajerumani tarehe 22 Agosti 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, ndege zao za upelelezi, yaani zinazotumwa kuchungulia maficho ya adui, zilikuwa zimetwishwa kazi iliyozidi injini zake. Mbuga ya Mkata, upande wa Mikumi, huonekana wazi kutoka angani, lakini chini ya miombo yenye majani kikosi kizima, pamoja na wapagazi wake, hupita bila kuonekana.

Pwani nako injini zilikuwa tatizo: tarehe 6 Januari 1917, ndege ya majini ya Waingereza, yenye maboya badala ya magurudumu, iliharibika injini juu ya delta ya Rufiji, ikalazimika kutua. Kamanda Bridgeman, mtazamaji wake, alikufa siku 3 baadaye kwa uchovu, juu ya chelezo kilichokokotwa na maji hadi baharini. Rubani Moon alifika nchi kavu, akatekwa.