Mfundishe Mwanao Kupika Futari



Wazazi wangu, na nyinyi vijana wenzangu wa Thika na Ruiru. Huku kwetu magharibi huingia saa kumi na mbili na nusu hivi, na saa hiyo wengi wenu bado mko kwenye matatu Thika Road. Je, mtoto aliye nyumbani atafuturu nini? Mandazi ya dukani kila siku?

Jamani, tumfundishe kupika, na tuanze na uji. Mtoto wa miaka 10 akoroge nusu kikombe cha unga wa wimbi kwa maji baridi mpaka mabonge yaishe. Amimine kwenye vikombe 4 vya maji yanayochemka, huku akikoroga. Dakika 10, uji umeiva. Siku za kwanza simama naye. Mafuta ya moto asiguse bado, na jiko la makaa lisiwashwe chumba kikiwa kimefungwa: hewa yake huua.

Na wavulana je? Wamo pia! Bi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume (s.a.w.) akifanya nini nyumbani, alisema alikuwa akiwahudumia watu wake, na swala ikifika hutoka kwenda kuswali. Basi nani atasema jikoni ni kwa wanawake tu? Mama naye amefunga kama wewe. Mpunguzie sufuria moja, apate kusoma juzuu yake na kuwahi tarawehe.

Anayemfuturisha aliyefunga hupata thawabu mfano wa zake. Tusiwanyime watoto wetu fungu hilo.

Wabillahi tawfiq.