Mikono Ichukuayo Amana: Mhadhara juu ya Uhamishaji wa Kazi za Sanaa na Upangaji wa Maonyesho katika Makumbusho



Ni desturi ya mhadhara wa namna hii kwamba mwenye kuutoa huieleza fani aliyokabidhiwa, na kuonyesha kwa hoja kuwa yastahili nafasi yake miongoni mwa elimu nyingine. Nami, niliyekabidhiwa fani ya uhifadhi, ningaliweza kuzungumza jioni hii juu ya umri wa nakshi, au nasaba ya mitindo, au khitilafu za wataalamu katika kutaja asili ya chombo fulani, mambo ambayo yana ladha yake na yana wasomaji wake. Nimechagua kuzungumzia kazi ambayo katika makumbusho mengi haina hata cheo kilichoandikwa katika orodha ya mishahara, nayo ni kazi ya kukiinua kitu cha thamani kutoka mahali kilipo, kukifunga, kukisafirisha, kukifungua, na kukisimamisha mbele ya macho ya watu kikiwa salama kama kilivyotoka. Kazi hiyo aghalabu huachiwa yeyote mwenye nguvu aliye karibu, na mimi nasema kuwa ni elimu kamili, tena kwamba mwenye elimu hiyo hana budi kupewa mamlaka ya kuzuia jambo lisifanyike, hata kama alitakaye ni mkurugenzi mwenyewe.

Tuchukue kitu kimoja tukitazame vizuri. Wengi wenu mmekiona kiti cha enzi, ama katika makumbusho ya Lamu, ama katika Ngome ya Yesu mjini Mombasa: kiti kirefu cha mbao nyeusi, kilichonyooka kwa haiba, kilichotiwa vipande vya pembe ya ndovu, na ambacho kikalio na mgongo wake vimesukwa kwa uzi, kiti cha kumkalisha mgeni mwenye taadhima. Mwambie mtu asiye na mafunzo akihamishe kiti hicho, naye, bila ya nia mbaya wala uzembe, ataishika mikono miwili ya kiti na kuivuta juu, kwa kuwa macho humwambia kuwa mikono ya kiti ni pahali pa kushikia. Lakini fundi aliyekiunda aliifanya mikono hiyo ipokee uzito ushukao, uzito wa mkono wa mwenye kukaa, wala hakuifanya ivutwe kwenda juu. Na viungo ambavyo vimekaa miaka mia na zaidi, vikakauka na kulegea, huachana kwa mvuto mmoja tu. Mwenye kujua hutia viganja vyake chini ya fremu ya kikalio, mwenziwe akatia vyake upande wa pili, na mtu wa tatu akatangulia kufungua milango. Na kabla ya hayo, tangu jana yake, amekwisha kukizunguka kiti kwa taa iliyoelekezwa ubavuni, akaona ni kipande kipi cha pembe kimeanza kuinuka, ni uzi upi umekatika, akakipiga picha, na akaandika hati ya hali yake, ili kitakapofika kiendako pasiwe na ubishi juu ya ufa uliokuwapo na ufa ulioongezeka.

Hati hiyo watu huidharau wakidhani ni karatasi za kiofisi. Kwa yakini ndiyo kumbukumbu pekee ya mwili wa kitu, na bima yoyote ya haki, ile inayoanza kitu kinapoondolewa mahali pake na kumalizika kinaporejeshwa papo hapo, husimama juu yake.

Kiti hicho kina adui mwingine asiyeonekana, naye ni hewa. Mbao na pembe zote mbili hunywa unyevu na kuutoa, walakini hazifanyi hivyo kwa kadiri moja wala kwa mwendo mmoja. Mbao hutanuka na kusinyaa zaidi kwa kuzikata nyuzi zake kuliko kwa kuzifuata, na pembe ina mwendo wake wenyewe, hivyo hewa inapobadilika ghafula, kimoja humvuta mwenzake, gundi ikaachia, na kipande cha nakshi kikaruka. Mwaka 2017 yalifunguliwa maonyesho makubwa ya sanaa za Waswahili na jamaa zao wa Bahari ya Hindi katika Krannert Art Museum, kwenye Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, yakaendelea hadi Washington na Los Angeles, na miongoni mwa vitu vilivyoonyeshwa vilikuwamo vilivyoazimwa kutoka Kenya na Oman. Fikirini maana ya safari hiyo kwa mbao zilizozoea pwani ambayo unyevuanga wake huwa juu mwaka mzima, kisha zikaingia katika nchi ambayo wakati wa baridi nyumba hutiwa joto hata hewa ya ndani ikawa kavu kuliko ya jangwa. Ndiyo sababu kasha la safari huundwa kwa tabaka: mbao nje, mpira wa kuzuia maji katika mfuniko, sponji ngumu iliyokatwa kwa umbo la kitu, na ndani yake karatasi isiyo na asidi; na ndiyo sababu kasha likifika halifunguliwi, bali huachwa lipumzike si chini ya saa 24 katika chumba ambamo kitu kitaonyeshwa, ili hewa ya ndani na ya nje zipatane polepole. Nimekwisha kuwaona wenyeji wakikasirika kwa kungoja huku, nao wana waandishi wa habari mlangoni. Hasira hizo ni za kuvumiliwa.

Katika kuinua, jambo la kwanza ni sauti moja. Watu wanne wakibeba ubao wa mlango wa nakshi, ambao uzito wake hushinda nguvu za watu wawili, ni mmoja tu asemaye, naye husema maneno machache yaliyokubaliwa tangu mwanzo. Waliobaki hunyamaza, isipokuwa neno moja ambalo kila mmoja wao, hata aliyeajiriwa leo, ana ruhusa ya kulitamka, nalo ni “simama”. Jahazi haliendi na manahodha wawili. Njia nzima lazima ipitiwe kwanza mikono mitupu: upana wa milango upimwe, vidato vihesabiwe, pahali pa kupumzikia patayarishwe, na pahali pa kushushia pawe tayari kabla kitu hakijainuliwa, kwa kuwa hatari kuu haipo katika uzito bali katika ile dakika ambayo watu wamebeba na hawajui waweke wapi. Makumbusho mengi ya pwani yetu yamo ndani ya majengo ambayo hayakujengwa kwa kazi hiyo, ngome za vita na majumba ya mabwana, yenye ngazi nyembamba na vizingiti virefu; kwa hiyo sisi twahitaji hadhari hii kuliko wenye majengo mapya yenye lifti za mizigo.

Nao upangaji wenyewe una hukumu zake. Mnamo Januari 2006, katika Fitzwilliam Museum mjini Cambridge, Uingereza, mgeni mmoja alijikwaa ngazini, akaangukia mitungi mitatu ya kichina ya zama za ufalme wa Qing, na yote mitatu ikavunjika vipande vipande. Mitungi hiyo ilikuwa imekaa juu ya kizingiti cha dirisha, kando ya ngazi, kwa miongo mingi bila ya kudhurika, na kwa sababu hiyo hiyo kila mtu aliona kuwa hapo ni pahali pake. Mafundi waliiunga kwa ustadi wa ajabu. Lakini somo lililo kubwa kwangu ni kwamba usalama wa miaka mingi hauthibitishi kuwa kitu kimewekwa vyema. Wazee wa Lamu na Pate walilijua jambo hili kwa njia yao: katika majumba ya mawe ya karne ya 18 walijenga kuta za zidaka, vijumba vidogo vya chokaa iliyonakshiwa, wakaweka ndani yake sahani na bakuli za kaure, kila moja katika hifadhi yake, mbali na viwiko vya wapitao, katika chumba cha ndani ambamo mwanga wa jua haufiki kwa ukali. Yeyote anayebuni kabati la maonyesho katika pwani hii, na hajasimama mbele ya ukuta wa zidaka akaupima, amejinyima mwalimu.

Vitu vya zama zetu navyo vina matata yake. Picha alizochora Edward Saidi Tingatinga mjini Dar es Salaam, tangu 1968 hata alipofariki 1972, zilipakwa rangi ya kung'aa, ile ya baiskeli, juu ya mbao za masonaiti. Pembe za mbao hizo hupondeka zikigusa sakafu, na kingo zake huvimba kwa unyevu. Na rangi ile, katika joto la bandarini, hulainika kiasi cha kushikana na plastiki iliyofungiwa, hata ikifunuliwa picha ikabaki na alama za mapovu usoni, na alama hizo hazifutiki. Kwa hiyo karatasi laini isiyonata hutangulia, na plastiki ya mapovu huja juu yake ikiwa imegeuzwa nje. Juu ya glovu nitasema kwa ufupi: zile nyeupe za pamba tuzionazo katika picha za magazeti huteleza juu ya kaure na kukamata vibanzi vya mbao, na mikono safi iliyokauka ni bora kwa kurasa za kitabu, ilhali shaba na fedha zataka glovu za mpira wa nitrili, maana chumvi ya jasho huzila.

Misahafu iliyoandikwa kwa mkono huko Siyu na Pate hustahili adabu mbili, adabu ya dini na adabu ya uhifadhi, nazo hazigombani. Rehali, kiweko cha msahafu ambacho kila mtoto wa chuo cha Kurani anakijua, hukipokea kitabu kikiwa nusu wazi na kuuegemeza mgongo wake, na hivyo ndivyo hasa mhifadhi atakavyo, kwani kitabu cha kale kikilazwa wazi kabisa chini ya kioo, uti wake huvunjika. Mwanga usizidi luksi 50, na kurasa zibadilishwe kila baada ya muda, kwa sababu dhara la mwanga hujikusanya wala halirudi nyuma: wino uliokwisha kufifia haupumziki ukapona.

Sasa narejea katika mamlaka, ambayo ndiyo kiini cha maneno yangu. Tarehe ya ufunguzi kwa kawaida hupangwa na wakubwa, kadi za mwaliko zikachapwa, kisha ndipo mafundi huambiwa. Kuta hupakwa rangi juma lile lile, na makabati ya mbao mpya hufungwa vitu vikiwa ndani, ingawa yajulikana kwamba rangi mbichi na mbao mpya hutoa mvuke wenye tindikali ulao risasi, na kuharibu hata kombe na simbi. Rangi yataka majuma kadhaa ya kukauka. Katika hali kama hiyo, mpangaji ambaye hana sauti hunyamaza, na atakayelaumiwa baadaye ni yeye.

Wakati mwingine hukumu iliyo bora ni kutohamisha. Meli ya Wareno Santo António de Tanná ilizama chini ya Ngome ya Yesu mwaka 1697, katikati ya mazingiwa ya Waomani, na kati ya 1977 na 1980 wanaakiolojia waliichimbua wakatoa vitu vingi ambavyo vimo katika makumbusho ya ngome hiyo. Mwili wa meli hawakuutoa. Waliupima, wakauchora, kisha wakaufukia tena mchangani, kwa kuwa mbao zilizolowa karne tatu hupasuka zikikaushwa ovyo. Na kuziponya ni kazi ya umri wa mtu, kama walivyojua Waswidi, ambao waliiopoa meli yao Vasa mwaka 1961 wakawa wakiinyunyizia dawa ya kujaza mbao kwa miaka 17. Waliosema “tusiitoe” pale Mombasa walitumia elimu ile ile ya kuinua, na napenda jina la uamuzi huo liandikwe pamoja na majina ya vitu vilivyopatikana.

Ninachokiomba chuo hiki na makumbusho ya nchi zetu kinatokana na yote niliyoyasema. Pawe na mafunzo ya miaka miwili ambamo mafundi seremala na wa milango ya nakshi wafundishe kwa haki sawa na maprofesa, maana wao ndio wajuao kiungo kinaachia wapi. Wanafunzi wafunge na kubeba nakala mwaka mzima kabla hawajagusa asili. Cheo kiwe na jina na mshahara. Na katika kila maonyesho, tarehe ya ufunguzi isitangazwe wala kadi ya waziri isichapwe mpaka mkuu wa uhamishaji ametia sahihi yake chini ya ratiba, akiwa na uhuru kamili wa kukataa kuitia.