Elimu ya Jua Nayo Itafutwe



Tuliosoma Uarabuni tumerudi na nahau na fiqhi, Alhamdulillah. Lakini taa ya madrasa ikizimika, twasubiri fundi. Waliotupokea kule hawakusubiri. Abu Dhabi, yenye mafuta tele, ilianzisha Taasisi ya Masdar mwaka 2007 ili kufundisha nishati jadidifu. Tangu 2017 imo ndani ya Chuo Kikuu cha Khalifa. Nasi Mtwara tuna gesi ya Msimbati, iliyogunduliwa mwaka 1982. Gesi huisha, elimu hubaki. Akina mama wa vijiji vya Mtwara na Lindi walikwenda India, wakasomea umeme wa jua kwa miezi sita, wakarudi mafundi. Basi vijana wetu wanaoomba nafasi Uarabuni wana udhuru gani?

Wabillahi tawfiq.