Kujiandikisha kwa simu: nani analipa?

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Goma)



Sisi tunaotembea nanyi Sake, Kibumba na Rutshuru, mwezi uliopita mlituuliza swali: kama mtu anaweza kujiandikisha kwa uchaguzi kwenye intaneti, kwa nini Leta inatumia pesa nyingi hivyo? Tulijibu haraka kwamba simu itapunguza gharama. Tulijibu vibaya. Leo tumerudi kusahihisha.

Mnakumbuka CENI ilianza kuandikisha watu tarehe 24 Desemba 2022, na huku kwetu Kivu ya Kaskazini zamu ikafika Februari 2023. Kulikuwa na programu ya simu. Mtu anajaza jina lake, tarehe ya kuzaliwa, mahali anapotoka, halafu anaenda kituoni. Hapo kwenye "halafu anaenda kituoni" njo kuna mambo. Simu haikuchukua alama za vidole. Haikuchapa kadi. Kwa hiyo mashine, jenereta, mafuta, ndege na gari za kuzibeba, malipo ya waandikishaji, vyote vilibaki palepale, na programu ikaongezwa juu yake. Bajeti ya uchaguzi ule ilipita dola bilioni 1, kwa waandikishwa karibu milioni 44.

Si sisi peke yetu. Tanzania walipoanza kuboresha daftari lao la wapiga kura kule Kigoma, Julai 2024, aliyekwisha kuandikishwa aliweza kuanza kubadilisha habari zake kwenye mtandao. Naye mwishoni alipaswa kufika kituoni.

Hilo ni daftari la Leta. Kuna daftari lingine, la nyumba, na hilo hakuna biro inayolisoma. Mama wa Kibumba hana simu ya kugusa. Anamlipa kijana wa kando ya barabara amjazie. Analipa mega, analipa kuchaji. Halafu analipa moto mpaka kituoni, anapanga mstari, na siku hiyo viazi vyake havikuuzwa. Mashine ikizimika, kesho anarudi. Zile franga zake ni gharama ya uchaguzi vilevile, hata kama haziandikwi popote. Leta ikisema "tumepunguza", tuulize: imepunguza, ao imehamisha mzigo kutoka kwa gari yake kuuweka kwenye mgongo wa mama?

Mwaka 2023 tulikaa kwenye kituo kimoja pamoja na wadeplase. Papa mmoja, mtu wa chukudu, alikuja siku tatu. Siku ya tatu wakamwambia kijiji kilichoandikwa si chake. Kijana aliyemjazia kwenye simu alichagua jina linalofanana, kwa sababu papa hasomi na hakuweza kuangalia. Alirudi bila kadi. Kosa lilifanyika kwa dakika moja. Kulisahihisha kulimgharimu papa siku nzima nyingine, na yeye hakuwa nayo.

Na kuna mahali simu haikusaidia hata kidogo. Tarehe 20 Desemba 2023 wengine walipiga kura; Masisi na Rutshuru hakukuwa na uchaguzi juu ya vita, sawa na Kwamouth kule Mai-Ndombe. Unaweza kushika reseau juu ya kilima, lakini kama kituo hakipo, umejaza bure.

Mtu atasema, "Sisi tunatafuta mbegu na mabati, uchaguzi unatuhusu nini?" Unatuhusu. Kwetu kadi ya uchaguzi njo kitambulisho. Tangu benki zilipofungwa hapa Goma mwanzoni mwa 2025, pesa zinapita kwenye simu, na kuandikisha namba ya simu kunaomba kadi. Barabarani wanaomba kadi. Wengi kati yenu kadi zilibaki kambini siku kambi zilipovunjwa, na nyingi za 2023 herufi zimefutika. Mtu anashika plastiki nyeupe, anasema "huyu ni mimi".

Basi, tusikatae simu. Kwa kijana mwenye simu na mega, ni msaada. Tuombe mambo matatu. Kwanza, njia ya simu iwe nyongeza. Mlango wa kituo usifungwe kwa asiyekuwa nayo. Pili, kila hesabu ya pesa itakayotangazwa iseme programu imegharimu ngapi na imepunguza nini kwenye mashine na safari. Tatu, waseme wazi habari zetu zinawekwa wapi na nani anazifungua. Sisi tunajua maana ya jina na kijiji kuanguka kwenye mikono isiyofaa.

Kwenye likelemba yetu hakuna anayeweka franga bila kuuliza nani anashika kaye, nani anapokea, zamu yangu ni lini. Pesa ya Leta nayo ni likelemba, kubwa tu.

Kwa mkutano ujao, kila kikundi kilete hesabu: wangapi hawana kadi, wangapi kadi imefutika, wangapi wana simu ya kugusa. Hesabu tu. Majina msiandike, karatasi ya majina, wakati huu, ni hatari.